Kuachia, kulegeza au kuachilia? Somo la ugwe na boya la mpiga mbizi

KITENZI kimoja cha Kiswahili kilinivuta mita tano kuelekea juu katika bahari ya Diani, mwaka juzi, msimu wa kaskazi. Kitenzi chenyewe ni ‘achia’. Nimekuwa nikifundisha mnyambuliko wa vitenzi kwa miaka mingi, ila siku hiyo nilijifunza kwamba kiambishi cha kutendea kinaweza kumuumiza mtu.

Msomaji mpenzi, wiki chache zilizopita nilipokea barua pepe kutoka kwa kijana wa Kwale anayesomea kazi ya kuongoza watalii wanaopiga mbizi. Aliniuliza swali fupi: “Mwalimu, vile vifaa vya kuzungushia kamba ya boya tuviite nini kwa Kiswahili, na mtu anayeanza anunue kipi?” Swali lake lina sehemu mbili, ya istilahi na ya ununuzi. Nitajaribu kuonyesha kwamba sehemu hizo haziachani.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachozungumziwa. Mtu anayepiga mbizi kwa mtungi wa hewa hushuka kutoka kwenye mashua, akatembea na mwamba kwa dakika arubaini au hamsini, kisha akaibuka mahali pengine kabisa. Katika pwani yetu mkondo mkuu huelekea kaskazini, na ukingoni mwa mwamba unaweza kuwa na nguvu. Anayeibuka ni kichwa tu, na kichwa cha mtu katikati ya mawimbi hakionekani kwa urahisi hata na nahodha mwenye macho ya kozi. Ndiyo maana mpiga mbizi hubeba boya jembamba la kitambaa kisichopitisha hewa, la rangi nyekundu au ya machungwa, lililokunjwa kama mwavuli. Akiwa bado chini, hulitia hewa kidogo na kulipandisha likiwa limefungwa kwenye ugwe. Boya husimama wima juu ya maji. Nahodha hulifuata polepole, na mashua nyingine hujua kwamba hapo chini kuna watu.

Ugwe huo haushikwi hivi hivi mkononi. Lazima uwe umezongwa kwenye kitu kinachouruhusu kutoka bila kukwama. Hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika.

Mkufunzi wetu alikuwa kijana mwungwana, mahiri sana majini. Tukiwa mashuani alinikabidhi kifaa kikubwa chenye mpini na gurudumu, mali ya kituo, akaniambia: “Mzee, boya likianza kupanda, usiachie rili hata kidogo.” Nikamjibu, “Sawa, mwanangu.” Yeye alimaanisha nisiliache gurudumu lizunguke ovyo, bali nilizuie kidogo kwa kidole gumba ili ugwe utoke kwa mpangilio. Mimi nilielewa kwamba nisiondoe mkono wangu kwenye kifaa kile, liwe liwalo.

Tulipofika mita 12 nilitia hewa katika boya, likaondoka kwa kasi. Gurudumu lilizunguka kuliko ugwe ulivyovutwa, mizunguko ikalegea, ikaruka ukingo na kujizonga kwenye ekseli. Kifaa kikakwama kabisa. Boya lilikuwa bado halijafika juu, basi likaanza kunipandisha. Nami, mwanafunzi mtiifu, nikashika kwa mikono miwili! Saa ya kina ilisoma mita 7 mwenzangu aliponifikia na kunikunjua vidole kimoja kimoja. Kifaa kilikwenda zake na boya. Sisi tulitulia, tukapanda taratibu, tukasimama mita 5 kwa dakika tatu kama ilivyo desturi, kisha tukaibuka. Sikudhurika. Hata hivyo, kwenye mashua nilikaa kimya kwa muda mrefu.

Hatari ilikuwa wapi? Hewa hutanuka kadiri shinikizo linavyopungua. Juu ya maji shinikizo ni la kiwango kimoja, mita 10 chini ni mara mbili, mita 20 ni mara tatu. Lita 4 za hewa utakazotia katika boya ukiwa mita 20 zitakuwa lita 12 zikifika juu, na boya lenye lita 12 likiwa ndani ya maji huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 12. Yaani kadiri linavyokupandisha ndivyo linavyozidi kupata nguvu. Mapafu nayo yana hewa ile ile. Mtu akizuia pumzi kwa hofu huku anapandishwa, mapafu yanaweza kupasuka hata katika kina kifupi. Na akipanda upesi baada ya kukaa chini muda mrefu, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hugeuka viputo na kumletea maradhi. Ndiyo maana wapiga mbizi hufundishwa kupanda pasipo kuzidi mita 9 au 10 kwa dakika.

Sasa tukitazame kitenzi chenyewe. ‘Acha’ ni kutoendelea na jambo, au kuondoka na kukiacha kitu mahali. Tukikinyambua katika kauli ya kutendea tunapata ‘achia’, ambacho hakina maana moja. Baharia anayeambiwa “achia kamba kidogo” huiruhusu iende huku bado ameishika. Mama anayemwambia mtoto “achia kisu!” anataka mkono uwe mtupu mara moja. Tukikinyambua tena tunapata ‘achilia’, na hapa maana hunyooka: ndege aliyeachiliwa hayumo tena tunduni. Katika mazungumzo ya barazani hatuhangaiki na tofauti hizi, maana msikilizaji akikosea atauliza. Chini ya maji hakuna kuuliza. Neno husemwa mashuani, na likishasemwa vibaya hubebwa vibaya hadi chini.

Nilipomsimulia nahodha kisa changu, mzee wa Shimoni aliyezeekea baharini, alicheka kisha akanikemea kwa upole. “Sasa weye mwalimu, chombo ni cha nani hata ukife nacho? Sisi mshipi ukishikwa na papa mkubwa twakata. Mshipi wanunuliwa, mkono hauuzwi.” Katika maneno hayo machache mna kanuni ya kwanza ya vifaa hivi: chochote utakachonunua, kiwe ni kitu ambacho uko tayari kukipoteza. Na kisifungwe kwenye mwili wako wakati boya linapanda, wala kwa klipu, wala kwa kitanzi cha kifundoni.

Tuje kwenye ununuzi, tukianzia na ugwe. Nimelichagua neno ‘ugwe’ kwa makusudi. Ukiingia duka la wavuvi ukaomba ‘mshipi’, aghalabu utapewa uzi wa plastiki ung’aao, mmoja usiosukwa. Huo ni mzuri kwa changu na tewa, lakini haufai hapa. Hauonekani majini, hukata ngozi ukivutwa kwa nguvu, na kwa kuwa hukumbuka umbo lake hujirusha kutoka pale ulipozongwa. Ukiomba ‘kamba’ utapewa kitu kinene cha kufungia mashua. Ugwe ni uzi uliosokotwa au kusukwa, mwembamba kuliko kamba na mnene kuliko uzi wa kushonea. Unaohitajika ni wa nailoni iliyosukwa, unene wa milimita 2 hivi, mweupe au wa rangi kali, ambao vidole vilivyolowa vinaweza kuushika. Nailoni ni nzito kidogo kuliko maji ya bahari, kwa hiyo ikilegea huelekea chini taratibu. Polipropilini ni nyepesi kuliko maji, na mizunguko yake iliyolegea huelea na kukuzunguka kichwani na kwenye mtungi. Tazama basi jinsi uchaguzi wa neno unavyobadilisha kile muuzaji atakachokutolea rafuni.

Pili ni urefu. Wengi hudhani kwamba mtu aliye mita 20 anahitaji ugwe wa mita 20. La hasha! Mkondo na upepo hulisukuma boya, ugwe ukaenda mshazari. Ukilala kwa pembe ya digrii 45, kina cha mita 10 kitataka ugwe wa mita 14, na kina cha mita 20 kitataka mita 28. Hesabu rahisi ya kukumbuka ni kina na nusu yake. Anayepandisha boya akiwa mita 5 hadi 10 atatoshwa na mita 15. Anayelipandisha akiwa mita 20 anunue mita 30. Wazee wetu wangesema pima 16 na kitu, kwani pima moja, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, ni kama mita 1.8. Na tusiidharau pima. Ukitaka kuhakikisha kwamba ulichouziwa kina urefu ulioandikwa, simama uwanjani unyooshe mikono ukihesabu.

Tatu ni kile kifaa ambacho ugwe huzongwa. Viko vya aina mbili kuu. Cha kwanza ni kijigurudumu kitupu chenye tundu katikati, kisicho na mpini wala skrubu. Unakishika kwa kidole gumba na cha kati kupitia tundu lile, nacho huzunguka kati ya vidole boya linapopanda. Kufungia ugwe hutumika klipu ya vichwa viwili ya chuma kisichoshika kutu, inayopitishwa kwenye tundu dogo la ukingoni. Hakina kipande kinachoweza kuvunjika, huingia mfukoni, na ugwe hauna ekseli ya kujizonga. Kasoro zake ni mbili. Kurudisha ugwe ni kazi ya mikono, mzunguko baada ya mzunguko. Na ukikiangusha, hushuka huku kikijikunjua hadi ugwe uishe. Kwa sababu hiyo hakikisha mwisho wa ndani wa ugwe umefungwa kwa fundo kwenye kijigurudumu chenyewe.

Cha pili ndicho kilichonitia matatani. Kina mpini, gurudumu kubwa, kirungu cha kuzungushia na skrubu au kitufe cha kuzuia. Hubeba ugwe mrefu, hata mita 50 na zaidi, na kuurudisha ni haraka. Wanaoshuka kina kirefu na kulazimika kusimama mara kadhaa njiani wakati wa kupanda hukithamini, na wana haki. Lakini kila kipande kinachozunguka ni mlango wa kukwama. Kuna vilivyobuniwa vizuri, vyenye ukingo unaokaribiana sana na fremu hivi kwamba ugwe haupati nafasi ya kupenya. Kuna vingine vya bei nafuu ambavyo mwanya wake huingiza kidole. Ukiona mwanya wa namna hiyo, rudisha kifaa rafuni.

Jibu langu kwa kijana wa Kwale basi ni hili. Kwa kazi yako ya kuongoza wageni kwenye mwamba wa mita 10 hadi 20, anza na kile cha kidole, cha mita 30, na klipu ya vichwa viwili. Kisijazwe ugwe hadi ukingoni. Acha nafasi ya nusu sentimita, kwani ugwe uliolowa na kuzongwa kwa haraka hutaka nafasi zaidi. Kifanyie majaribio nchi kavu. Loweka mikono, funga macho, toa pima kumi, funga kwa klipu, fungua, rudisha. Ukiwa unapapasa ukiwa uwanjani, utahangaika zaidi ukiwa majini. Tia hewa chache katika boya, pumzi moja au mbili zatosha, nayo itajitanua yenyewe njiani. Kabla ya kulipandisha, tazama juu kama pana mashua. Kila mmoja katika jozi awe na boya lake, ili kimoja kikipotea kuwe na kingine. Jioni, suuza vyote kwa maji ya bomba na ukaushe kivulini.

Sasa jina. Nimesikia majina matatu mashuani. La kwanza ni ‘rili’, mkopo uliozoeleka ambao sina ugomvi nao, ila hautofautishi kati ya aina mbili nilizozieleza. La pili ni ‘roda’. Hili ni neno la kale la mabaharia, nasi tulilipata kwa Wareno ambao kwao ni gurudumu. Hata hivyo, katika Kiswahili roda ni kile ambacho kamba hupitia wakati wa kutweka tanga, haihifadhi kamba. Kuliita hili roda ni kumpokonya baharia neno lake. La tatu ni ‘kigurudumu’, ambalo linaeleza umbo bila kueleza kazi.

Nionavyo mimi, tunacho kitenzi kinachofaa: ‘zonga’, yaani kuzungusha kitu kama uzi au kamba juu ya kingine. Kwa kuwa mzizi una irabu /o/, kauli ya kutendea ni ‘zongea’ na si ‘*zongia’, kama tunavyosema ‘ombea’ na ‘someа’. Tukiongeza kiambishi ki- na kiishio -o tunapata ‘kizongeo’, chombo cha kuzongea. Ni njia ile ile iliyotupa kichujio kutokana na ‘chuja’ na kifyekeo kutokana na ‘fyeka’. Tutakuwa na ‘kizongeo cha kidole’ na ‘kizongeo cha mpini’. Atakayepinga atasema kwamba ‘zonga’ kina harufu ya taabu, maana watu huzongwa na madeni. Nami nitamjibu kwamba harufu hiyo haina ubaya. Anayeshika kizongeo akumbuke kwamba kinaweza kumzonga.

Na boya je? Kamusi zina pia ‘chelezo’, neno zuri linalotokana na ‘elea’. Lakini chelezo huweza kuwa hata magogo yaliyofungwa pamoja ya kuvukia, na nahodha akisikia chelezo anaweza kutafuta kitu kingine. Tubaki na ‘boya’, ingawa najua vijana wa Dar es Salaam humwita boya mtu asiyejua lolote. Siku ile nilistahili jina hilo.

Wanaisimu husema kwamba istilahi njema huwa na dhana moja, na dhana moja huwa na istilahi moja. Darasani kanuni hiyo huonekana kavu. Lakini angalieni tunavyouita ukiukaji wake: utata. Neno hilo limetokana na ‘tata’, ambalo kwa mvuvi ni nyuzi zilizoshikamana zisizofumbulika. Kutokana na mzizi huo tuna nyavu zilizotatana, tuna tatizo, na tuna sentensi tata. Nilipokuwa nimening’inia kati ya mita 12 na mita 7 nilikuwa na tata mbili kwa pamoja, moja mkononi na nyingine kichwani. Ile ya mkononi isingenidhuru kama ya kichwani isingekuwepo. Ningefungua vidole tu.

Kwa hivyo napendekeza amri nne ambazo kila kituo kinaweza kuzikubali kabla mashua haijaondoka. ‘Legeza’: ruhusu ugwe utoke, mkono ungali kwenye kizongeo. ‘Kaza’: usiwe na ulegevu kati yako na boya. ‘Funga’: tia klipu, ugwe usitoke wala kuingia. ‘Achilia’: fungua mkono, kiende. ‘Achia’ tuipumzishe kwa shughuli hii, na ‘usiachie’ isisikike kabisa. Kila amri iwe na ishara yake ya mkono, na mkufunzi amwombe mwanafunzi aieleze upya kwa maneno yake mwenyewe badala ya kuridhika na “sawa”. Mimi nilisema “sawa” kwa sauti kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo halipaswi kupuuzwa. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka wa 1968, na tangu hapo wageni wamekuwa wakija kutazama matumbawe yetu kwa lugha zao. Mafunzo, vijitabu na vyeti vya kupiga mbizi vimekuwa aghalabu vya Kiingereza. Lakini anayeshika usukani, anayelitazama boya juani na anayemnyanyua mtu kutoka majini huzungumza Kiswahili. Katika dakika ile moja ya hatari, maagizo yatatoka kwa lugha yake. Kama hatujayanoa maneno hayo mapema, yatatoka yalivyo.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nilirudi majini mwezi uliofuata na kizongeo cha kidole cha mita 30. Mkufunzi yule yule alikuwepo. Kabla hatujaruka alinitazama, akatabasamu na kuniuliza, “Mzee, kikikwama?” Nikamjibu, “Naachilia.” Akaniambia nirudie tena, nikarudia.